Maganda Arobaini ya Halvdan

Arnfinn Haugsrud alijua ameharibu kabla hata hajafungua mlango wa oveni. Shaba ikikaushwa polepole haitoi harufu yoyote. Hii ilikuwa harufu ya karakana ya kuchomelea vyuma, na ilikuwa imeenea jiko zima la mkewe hadi kwenye mapazia. Alifungua, joto likampiga usoni, na pale juu ya sinia ya kuokea yalisimama maganda arobaini ya risasi, mistari minne, kumi kumi, kama alivyoyapanga mwenyewe. Yalipoingia yalikuwa ya njano. Sasa yalikuwa ya kahawia, na chini kwenye vitako yalikuwa ya buluu.

Yangekuwa yake angeyatupa na kuapiza kidogo, mambo yakaisha. Lakini yalikuwa ya Halvdan, rafiki yake wa tangu utotoni, aliyefia kwenye rundo la kuni mwezi wa Februari, na sasa yalikuwa ya Ragnfrid, mjane wake.

Huku bondeni mtu anayepiga bunduki sana hanunui risasi kila mara. Anaokota ganda lake baada ya kupiga, analisafisha, analitia fataki mpya ya kuwashia, baruti na kichwa kipya, na ganda hilohilo linamtumikia miaka. Kila mtu anaweza kujaza. Kusafisha ndiko kunakowashinda wengi, na kwa kusafisha Arnfinn alikuwa na jina. Mtu aliyestaafu kuendesha gari la kusukuma theluji lazima awe na jina kwa kitu fulani, na yeye jina lake lilikuwa hilo. Watu walimletea maganda meusi kwenye mifuko ya mkate, wakaja kuyachukua yanang'aa. Alitoa fataki kuukuu, akayaosha kwa maji ya vuguvugu yenye ndimu ya unga na tone la sabuni ya vyombo, akayasuuza mara tatu, akayakausha kwenye oveni kwa moto mdogo kabisa, kisha akayatia kwenye mashine ya kutikisa iliyojaa maganda ya jozi yaliyosagwa. Mashine ilikaa chini ya nyumba. Solbjørg, mkewe, alisema ni kama kuolewa na ng'ombe mwenye gesi tumboni.

Kosa lilikuwa la oveni, au hivyo ndivyo alivyojiambia kwa dakika tano za mwanzo. Ile ya zamani ilikuwa na kitufe kilichofutika alama zote, na Arnfinn alikijua kwa vidole: zungusha kushoto kidogo, huo ndio moto mdogo. Pasaka Solbjørg alinunua mpya, ikaja na kijitabu kinene.

"Soma hicho kijitabu," Solbjørg alimwambia.

"Miaka thelathini nakausha maganda, leo nifundishwe na jiko?"

Alizungusha kushoto kidogo. Kwenye oveni mpya, kushoto kidogo ni moto wa kubanikia, wa juu kabisa. Akafunga mlango, akaenda sebuleni kuangalia watu wanakimbia kwenye televisheni, usingizi ukamchukua. Solbjørg alikuwa kwa dada yake. Saa mbili zikapita.

Sasa, Arnfinn hakuwa mtu wa kusema sikujua. Kila mwaka majira ya kuchipua alisimama mbele ya wanagenzi kwenye nyumba ya chama cha walenga shabaha, kidole juu, akawahubiria. "Mdomo wa ganda uwe laini, kitako kiwe kigumu. Kitako ndicho kinachozuia moto usirudi usoni mwako. Ganda likishaungua kitako, halifai hata kuwa kengele ya mbuzi. Tupa!" Wanagenzi walicheka kuhusu mbuzi, wakaandika.

Tupa. Neno moja. Na simu ilikuwa palepale ukutani.

Lakini bunduki ya Halvdan ilikuwa ya zamani, ya kipimo ambacho viwanda vilishakichoka. Duka la mjini lilimwambia Ragnfrid kwamba maganda yake labda yangepatikana baada ya Krismasi, labda. Mtihani wa kulenga ulikuwa wiki mbili mbele, na msimu wa kuwinda elgi, yule kulungu mkubwa kama farasi, ungeanza mwezi wa tisa. Kundi la wawindaji lilikuwa limekubali kumpa Ragnfrid nafasi ya mumewe badala ya kumwita mgeni kutoka mjini, kwa sharti moja tu: afaulu mtihani kama kila mtu, kwa bunduki atakayowindia. Mwezi mzima wa saba alikuwa uwanjani, bega limemwiva kwa michubuko. Alipoyamaliza maganda yote arobaini, aliyaleta mwenyewe kwa Arnfinn, kwenye kopo la kahawa.

"Nimehesabu mara mbili," alisema. "Halvdan alikuwa ananiambia, nikifa usimpe mtu mwingine yeyote maganda yangu. Mpe Arnfinn. Wengine watayafanyia uhuni."

"Shemeji, yatarudi hayo utayatumia kama kioo."

"We! Mimi na umri huu nijitazame kwenye kioo? Unataka nife kwa mshtuko nimfuate mwenzangu?"

Walicheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi, na Arnfinn alijisikia mtu mwema sana siku ile.

Ndiyo maana hakuipigia simu nyumba ile. Aliyaacha maganda yapoe, akayabeba hadi chini, akayamimina kwenye mashine. Kuunguza kulikuwa ajali. Kung'arisha alikufanya kwa mikono yake miwili, akiwa macho, huku anapiga mluzi ili Solbjørg akirudi asishuke kuuliza. Mashine ilinguruma siku nzima ya Jumamosi. Jioni aliyatoa, akayapangusa vumbi la jozi, na hakuna jicho la binadamu ambalo lingeona tofauti. Kahawia imekwenda, buluu imekwenda. Yaling'aa kuliko alivyowahi kung'arisha ganda lolote.

Akayajaza. Alipunguza baruti kidogo, akajiambia kwamba kwa baruti kidogo kitako kitavumilia. Alijiambia hivyo mara nyingi. Jumapili Solbjørg aliuliza sinia yake imefanywa nini hata ikawa na madoa ya duara, akaahidiwa sinia mpya, na Jumatatu akaipata. Katika deni zima hilo tu ndilo alilolipa kwa wakati.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumanne ya wiki iliyofuata, jua limetoka, mbu wengi. Walikuwepo watu kama kumi na watano uwanjani, na birika la kahawa juu ya meza ya mbao. Oddmund, kiongozi wa kundi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, alikuwa anaita majina. Sheria ni nyepesi: picha ya mnyama mita mia moja, risasi tano, zote tano ziingie kifuani. Ragnfrid alilala kwenye mkeka na miwani ya kinga ya Halvdan, iliyomzidi ukubwa, imefungwa kwa mpira nyuma ya kichwa. Aligeuka akamwona Arnfinn amesimama nyuma yake.

"Baki hapohapo, Arnfinn. Ukisimama hapo sitetemeki."

Alibaki hapohapo. Na hapo, msomaji, palikuwa na muda wa kutosha. Palikuwa na muda wa kusema ngoja. Palikuwa na muda hata wa kujifanya anaumwa, kuanguka, kumwaga kahawa. Alisimama mikono nyuma, kama mwalimu.

Risasi ya kwanza ilikwenda vizuri. Oddmund akatazama kwa darubini, akainua dole gumba. Ya pili pia iliingia kifuani, ila Ragnfrid alipovuta komeo la bunduki kulitoa ganda, lilikuwa gumu. Akavuta kwa nguvu, likatoka. Arnfinn aliliona. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote pale uwanjani: kitako kimevimba. Akafungua mdomo, akaufunga.

Ya tatu haikulia kama zile mbili. Ililia kwa mlio wa kupasuka, moshi ukatoka pembeni ya komeo, na Ragnfrid akaachia bunduki akajishika uso.

Watu walikimbia. Walipomvua miwani, kioo cha kulia kilikuwa cheusi tii na kimechimbika, na chini yake jicho lilikuwa zima. Shavu lilikuwa limechubuka na kujaa chembechembe, damu kidogo inamtiririka hadi kidevuni. Ragnfrid alikaa kwenye mkeka akipumua kwa mdomo.

"Naona," alisema. "Naona, jamani. Acheni kupiga kelele."

Oddmund alilifungua komeo kwa kuligonga na kipande cha ubao, akalitoa ganda, akalizungusha kwenye kiganja chake. Kitako kilikuwa kimetanuka na fataki imeng'oka. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyekuwa amesema tangu mwanzo.

"Halvdan, Halvdan," alisema. "Nilimwambia. Nilimwambia mwaka juzi hapahapa. Ubahili huu utakuja kumtoa mtu jicho. Ganda moja miaka ishirini! Na anajaza baruti kama anajaza gunia."

"Alikuwa anapenda moto mwingi, kweli," mwingine akasema.

"Marehemu alikuwa mtu mzuri, lakini kwenye hilo alikuwa mkaidi."

Wote wakaafiki. Kisha Oddmund akamgeukia bingwa. "Arnfinn, wewe ndiye uliyeyashika mwisho. Unasemaje?"

Ragnfrid alimtazama pia, kitambaa shavuni, akingoja. Arnfinn alikuwa na habari moja tu ya kuwapa, na angeitoa kwa sentensi moja. Badala yake akasema, "Shaba huchoka."

Na ni kweli, shaba huchoka. Ndiyo maana lilimtoka kirahisi.

Ragnfrid akaangusha macho kwenye mkeka. Akapelekwa kwa daktari, akatolewa chembe kumi na moja shavuni, na mtihani wake ukaandikwa kuwa haukukamilika.

Siku zilizofuata Arnfinn hakulala vizuri wala kula vizuri. Mtu wa kwanza aliyekuja na mfuko wa maganda aliambiwa mashine imeharibika. Wa pili pia. Alikuwa akiona aibu mbele ya vitu visivyo na macho: ndoo, kopo la ndimu ya unga, kile kidole chake alichozoea kuwainulia wanagenzi. Solbjørg alifikiri anamlilia Halvdan upya, akampikia samaki kwa siagi, akamkanda mabega. Hilo nalo alilipokea kimya, na likamchoma.

Siku ya nane Ragnfrid aligonga mlango. Bandeji imebaki ndogo. Mkononi alikuwa na chupa ya jemu ya multe, yale matunda ya manjano ya kwenye matope, ambayo huku kila mtu ana mahali pake yanapoota na hakuna anayemwambia mwenzake. Chupa moja ni kazi ya siku mbili kuinama katikati ya mbu. Mtu hapewi chupa ya multe kwa mchezo.

"Hii ni yako," alisema. "Nimekuletea matatizo. Najua watu watasema maganda yalipita mikononi mwako."

"Hakuna aliyesema, shemeji."

"Basi wasiseme. Mimi nikimsikia mtu, atanitambua." Akakaa, akanywa kahawa nusu kikombe, akatazama dirishani. "Bunduki naipeleka polisi Ijumaa. Wakaiponde. Nimeshawapigia simu."

Arnfinn akaweka kikombe chini. "Bunduki haina kosa lolote. Fundi anaweza kuikagua."

"Sitaki kuiona. Na Oddmund nimemwambia nafasi ile ampe mtu mwingine. Kuna daktari wa meno kutoka mjini anaitaka." Alicheka kidogo, upande mmoja, kwa sababu ya shavu. "Unajua mimi nilifikiri Halvdan ni mtu mwangalifu? Miaka thelathini na sita nimelala naye kitanda kimoja, nikijua huyu ni mwangalifu. Kumbe."

Akaondoka. Solbjørg akafungua chupa, akapaka jemu kwenye mkate, akamwekea mumewe mezani. Arnfinn akala. Akala kipande chote, mbele ya mkewe, huku machozi yanamlenga, na Solbjørg akasema, "Tamu eeh?" naye akasema tamu.

Alhamisi asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati la kola. Alikwenda kwa miguu, kwa sababu kwa gari angefika upesi mno. Nyumba ya Ragnfrid ilikuwa na mlango wazi na hapakuwa na mtu. Bunduki ilikuwa sebuleni mezani, ndani ya mfuko wake, na karatasi ya polisi imejazwa tayari juu yake. Jirani aliyekuwa akikata nyasi akampigia kelele kutoka ng'ambo ya uzio: "Yuko kanisani kwa mwenzake! Siku hizi yuko huko kila siku!"

Makaburi yako nyuma ya kanisa, kwenye mteremko, kila kaburi na maua yake na kila familia na zamu yake ya kumwagilia. Pale bombani alikuwepo Gudrun, mke wa Oddmund, anajaza keni ya kumwagilia maua. Arnfinn alimsalimia kwa kofia. Kama kulikuwa na mwanamke mmoja katika bonde zima ambaye hukutaka awepo siku kama hiyo, alikuwa Gudrun, kwa sababu habari ikifika kwake saa nne, saa sita iko dukani. Alifikiria kurudi kesho. Kesho ilikuwa Ijumaa.

Ragnfrid alikuwa amepiga magoti anang'oa magugu kwa hasira, udongo unaruka.

"Shemeji."

"Arnfinn. Na wewe umekuja kumsema? Panga foleni."

"Maganda niliyachoma mimi," alisema Arnfinn. Ilitoka chini kwa chini, karibu mnong'ono. "Niliyakausha kwenye ile oveni mpya. Nilizungusha vibaya, nikalala. Yakaungua hadi vitako. Nikajua. Nikayang'arisha ili usione. Halvdan hakufanya kosa lolote. Maganda yake yalikuwa mazima. Yalikuwa yametunzwa kuliko ya mtu yeyote, na mimi nilijua yameharibika, nikakupa ukapige, nikasimama nyuma yako."

Ragnfrid hakusimama. Mikono yake ilibaki ndani ya udongo. Arnfinn aliona bandeji ile ndogo inapanda na kushuka.

"Lile la pili lilipokwama," alisema hatimaye, "ulijua?"

"Nilijua."

"Na Oddmund alipokuuliza?"

"Nilijua."

"Jicho langu," alisema Ragnfrid, "tuliache. Jicho lipo. Lakini siku tisa, Arnfinn. Siku tisa nakuja hapa kumgombeza mtu huyu. Nimemwita mbahili. Nimemwita mwongo. Nilimwambia, 'Ulikuwa unataka kuniua, na mimi nilikuwa nakupikia.' Jana nilimwambia, 'Heri ulivyokufa.'" Sauti ilimkatika. "Nilimwambia hivyo, na yeye hana mdomo wa kunijibu."

Arnfinn alisimama na kofia mkononi. Aibu ilikuwa imempanda hadi masikioni, akatamani ardhi ya mteremko ule impokee palepale, kati ya watu waliokwisha malizana na mambo yao. "Nisamehe," alisema. "Bunduki usiipeleke. Nitamwambia Oddmund. Nitawaambia wote."

"Utawaambia. Leo hii hii utawaambia." Akasimama, akajipangusa magoti, akasogea pembeni ya kaburi kumwachia nafasi. "Lakini anza na mwenyewe. Mimi siwezi kumwomba msamaha kwa kosa lako. Mwambie."

"Nimwambie nani?"

"Huyu hapa. Mwambie."

Arnfinn alitazama jiwe lenye jina la rafiki yake. Alitazama bombani, ambako Gudrun alikuwa amefunga maji na anakuja taratibu na keni yake, kaburi la wazazi wake likiwa hatua nne tu kutoka pale. Akainamisha kichwa. "Halvdan," alinong'ona, "maganda yako..."

"Kwa sauti," alisema Ragnfrid. "Miaka arobaini ya kupiga bunduki. Unajua vizuri kwamba alikuwa hasikii."

Gudrun alikuwa amesimama, keni mkononi. Arnfinn alivuta pumzi, akainua uso, akaanza upya kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.